Bibi anaona taa za njano, inaweza kuwa dawa ya moyo?

Mjukuu_Tanga: Wakuu naombeni msaada, bibi yangu wa miaka 78 anameza digoksini maana moyo unadunda ovyo, pamoja na Lasix ya kutoa maji, sasa tangu juzi hataki kula, anatapika, na jana usiku kanishika mkono ananiuliza mbona taa ina duara la njano. Nimehesabu vidonge vimepungua sana, nahisi anasahau anameza mara mbili. Nimpunguzie?

Nesi_wa_zamu: Asimeze kingine, mpeleke emajensi sasa hivi na pakiti zote. Digoksini dozi ya kutibu na ya sumu zimekaribiana mno, na Lasix ikishusha potasiamu (chumvi ya damuni) ndo sumu inakolea, figo zikichoka nazo dawa inabaki mwilini. Kapewa antibayotiki karibuni? Klarithromaisini inaipandisha sana digoksini mwilini.

Mama_K: Hiyo njano ni dalili kabisa ndugu yangu, marehemu baba alianza hivyohivyo tukadhani ni macho ya uzee. Kimbia jamani.

Mjukuu_Tanga: Tumefika, mapigo ya moyo 42 kwa dakika, wamemuunganisha na mashine ya moyo. Na kweli wiki iliyopita alipewa klarithromaisini ya kifua.