Vesta kwenye darubini: nitaitofautishaje na nyota?

Swali: Nina darubini ya macho mawili ya 10x50 (inakuza mara 10, lenzi za mbele zina upana wa milimita 50). Hivi asteroidi ni nini hasa, na ile iitwayo Vesta nitaijuaje?

Jibu 1: Ni mabaki ya miamba na metali tangu sayari zilipoumbwa, miaka bilioni 4.6 hivi iliyopita. Nyingi zinazunguka Jua kati ya Mirihi na Mshtarii. Uvutano wa Mshtarii ulizizuia kuungana. Vesta ina upana wa kilomita 525 hivi, ila kwako itabaki nukta tu. Chora nyota za eneo la anga ilipo Vesta, rudia baada ya siku mbili. Nukta iliyohama ndiyo yenyewe.

Jibu 2: Chora hata zile hafifu! Ukichora tatu nne tu, hutajua ipi imehama. Funga darubini kwenye stendi ya miguu mitatu, na uepuke mwezi mpevu.