Mende jikoni Ngamiani: jeli, chaki, boriki au wapuliziaji? Nisaidieni kuchagua

MamaWawili
Hamjambo humu. Nimepanga vyumba viwili hapa Ngamiani, Tanga, jiko tunatumia wapangaji watatu. Usiku nikiwasha taa kumchukulia mtoto maji, ukuta mzima unakimbia. Juzi nimefungua kopo la sukari, wawili wamekaa kwenye ukingo wa mfuniko kama walioalikwa. Hapo nikasema basi.

Dawa ya kopo nimepuliza mpaka tukakohoa. Wanakufa waliopo mbele, siku ya nne wamerudi. Sasa kila mtu ana lake: jirani anasema chaki, dada yangu jeli ya sindano, shangazi anasema asidi ya boriki, mwenye nyumba anataka tuchange tuite wapuliziaji. Hela ya kujaribu vyote sina. Na nina mtoto wa mwaka mmoja, kila anachookota kinaenda mdomoni. Nyie kipi kiliwasaidia?

FundiBomba_Chuda
Dada, usitoe hata mia kabla hujajua ni mende gani. Kuna wale wakubwa wekundu, sentimita tatu na nusu hadi nne, wana utepe wa njano shingoni, joto likizidi wanaruka na kukutua usoni. Kwao ni kwenye chemba na shimo la choo, ndani wanakuja kutembea tu. Nimeinua mifuniko mingi ya chemba mjini hapa. Wanakaa chini ya zege wamebanana kama tende kwenye kikapu. Hao dawa yao ni saruji na wavu. Ziba nyufa za mfuniko, funga wavu kwenye bomba la hewa la choo, weka kizibo kwenye tundu la maji bafuni usiku. Nyakati za masika chemba zikijaa ndiyo mnawaona zaidi, si kwamba wamezaliana ghafla.

Wapo na wadogo, sentimita moja na nusu hivi, rangi ya chai ya maziwa, na mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa. Hao hawatoki chemba. Wamehamia, wanaishi na wewe.

MamaWawili
Ni hao wadogo. Nimemulika kwa simu, mistari miwili kweli. Mmoja kabeba kitu nyuma, kama punje ya mchele iliyovimba.

Mpembejeo
Nauza dawa dukani kwa hiyo mnisikilize kwa tahadhari, ila hili nalijua. Hicho ni kifuko cha mayai, ndani yake 30 hadi 40. Jike anakibeba hadi karibu na kuanguliwa, na dawa ya kupuliza mara nyingi haipenyi humo. Ndiyo maana unaua leo, unaanza upya baada ya muda. Halafu hawa wadogo wengi wameshazoea dawa za makopo. Unawafukuza nyuma ya kabati tu, wakahamie kwa jirani.

Kwa jiko lako ningechukua jeli. Mende akila hafi hapohapo. Anarudi kwenye mwanya wake, anafia huko, na wenzake wanakula kinyesi chake na hata maiti yake, nao wanafuata. Hiyo kopo haiwezi. Masharti ni mawili. Weka vitone vidogo, ukubwa wa punje ya mchele, lakini vingi: kwenye bawaba za kabati, chini ya sinki, nyuma ya friji karibu na mota, nyuma ya swichi. Mtoto hafiki huko. Na usipulize kopo kabisa karibu na hapo, harufu yake inawafanya wasiiguse jeli. Watu wengi wanaolalamika jeli ni feki wamefanya vyote viwili kwa pamoja.

ShangaziMwana
Mimi si shangazi yako lakini naungana naye. Boriki nimetumia miaka, na haina harufu. Ila watu wanaikosea: wanamwaga kichuguu. Mende si mjinga, kichuguu anakizunguka. Inatakiwa ukungu mwembamba usiouona vizuri, nyuma ya jiko na chini ya kabati, apite, imshike miguuni, aje ajilambe. Ikilowa imeganda, na unyevu wetu wa pwani mnaujua. Tena usichanganye na sukari ukaweka kwenye kisahani sakafuni na mtoto wa mwaka mmoja! Hiyo ni sumu akila. Kwako wewe, weka mahali palipozibwa au acha.

BabaNaima
Chaki naomba msimpendekezee mtu mwenye mtoto. Kwa jirani yetu mtoto aliiokota, akachora nayo nyumba na jua sakafuni, akaitafuna. Alitapika usiku kucha, tukakimbizana hospitali. Anaendelea vizuri sasa. Ile si chaki, ni dawa ya wadudu iliyotengenezwa ifanane na ya shule, na nyingi hazina hata kibandiko cha kueleweka.

Zulfa_Pwani
Karafuu jamani? Bibi alikuwa anatupa karafuu na majani ya mwarobaini kabatini.

ShangaziMwana
Zulfa mwanangu, karafuu weka kwenye pilau. Kabatini zinawahamisha rafu ya pili.

Mkaazi_Mabawa
Kuhusu wapuliziaji, sisi tulichanga elfu sitini. Akaja kijana na pampu ya mgongoni, dawa kaibeba kwenye chupa ya maji ya kunywa, haina jina wala maelezo. Harufu ni ileile niliyoizoea shambani kwa mzee kwenye nyanya. Tulilala nje. Wiki mbili mende kimya, ya tatu wakarudi, na kuku wawili wa mama mwenye nyumba walikufa. Sisemi wote wako hivyo.

Mpembejeo
Hawako hivyo wote, lakini hilo ndilo la kuuliza kabla ya kulipa. Akuonyeshe kopo halisi lenye kibandiko na namba ya usajili ya TPHPA, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, akwambie jina la dawa na mnarudi ndani baada ya saa ngapi. Anayekasirika ukimuuliza, mwache aende. Dawa ya shambani ndani ya nyumba ni hatari kuliko mende. Na hata mpuliziaji mzuri lazima arudi tena, kwa sababu ya yale mayai.

Kingine, nunua mitego ya gundi, miwili mitatu. Haitawamaliza, ila ukiiweka usiku utajua wengi wako upande gani. Hapo ndipo jeli iende. Kuna mtu atakuja kusema usafi unatosha. Hautoshi, ila wanyime maji: njaa mende anaistahimili wiki kadhaa, kiu inamwahi. Kausha sinki kabla ya kulala, pindua ndoo.

FundiBomba_Chuda
Na bomba la sinki linalovuja likazwe. Unaweka jeli huku umewawekea kisima!

MamaWawili
Narudi baada ya wiki tatu, nilijua mngeuliza. Nilichukua jeli na mitego mitatu. Usiku wa kwanza mtego wa kando ya sinki ulikuwa na saba, wa nyuma ya friji kumi na moja, ila ule niliouweka pembeni ya mbuzi ya nazi ulijaa mpaka nikaacha kuhesabu. Nikaibeba ile mbuzi uani, nikaikunjua juani. Pale miguu inapokutana, kwenye ule mwanya ambao hata kadi ya simu haipiti vizuri, walikuwa wamepangana ubavu kwa ubavu, na vile vitone vyeusi kama unga wa kahawa vimegandana na machicha. Miaka miwili nakuna nazi nimekalia mji wao.

Nimeimwagia maji ya moto, nikaisugua, sasa inalala uani. Jeli nimeweka mara mbili, ya pili baada ya siku kumi na nne. Mitego ya jana: mmoja, sifuri, watatu, wote wadogo wasio na mbawa.

Mpembejeo
Hao ni waliotoka kwenye vifuko. Rudia jeli mara moja zaidi, na ile iliyokauka ibadilishe.

MamaWawili
Nitafanya hivyo. Tatizo nililobaki nalo ni mpangaji wa chumba cha mwisho. Juzi kaona mende mmoja anayeyumba mchana kweupe, akachukua kopo akapuliza jiko zima, juu ya jeli yangu yote. Nimemweleza kuwa anayeyumba mchana ndiye aliyekwisha kula, amwache. Amekubali kwa mdomo. Jeli iliyobaki nimeiweka juu ya kabati mtoto asifike, na kopo la mpangaji huyo nimeliweka hapohapo, bado analitafuta.