Desemba imefika: nyumba unaiachaje, na njiani unajilindaje? Tupeane uzoefu

Wakuu, habari za mchana. Watu wa Rombo, Marangu na Machame wameshaanza kuulizia tiketi, na huku Kimara kuanzia tarehe 20 nyumba zitakuwa zinafungwa moja baada ya nyingine. Nimefungua uzi huu tupeane mbinu, ila tuandike yale uliyoyapitia au uliyoyaona kwa macho yako. Yale ya kuzungushwa kwenye magrupu tuyaache huko huko.

Naanza mimi. Mwaka juzi mtaani kwetu nyumba mbili zilivunjwa kati ya Krismasi na mwaka mpya. Zote zina ukuta na geti la chuma. Walikata nondo za dirisha la jikoni, wakabeba tivii, mtungi wa gesi, mpaka magodoro. Katikati ya nyumba hizo kuna mama hana hata uzio, naye alikuwa Moshi siku zile zile, lakini kwake hakikuguswa kitu. Alimwachia funguo kijana wa jirani akawa analala pale: jioni anawasha taa ya nje, asubuhi anazima, uwanja unafagiliwa, nguo zinaanikwa. Kule kwa wenzake taa iliwaka usiku na mchana, na majani ya mwembe yakajaa mlangoni. Ukiona taa ya barazani inawaka saa saba mchana siku nne mfululizo, huna haja ya kuuliza kama wenyewe wapo.

Mimi naamini mwizi wa msimu huu anaingia kwa taarifa kwanza, nondo baadaye. Anajua nani kaondoka, lini, na anarudi lini. Mwambie jirani mmoja unayemwamini na mjumbe wako, basi.

Mdau wa Tabata
Naunga mkono. Kwetu marufuku kuweka picha za safari kwenye stetasi mpaka turudi. Watoto wakubwa walinuna mwaka wa kwanza, sasa wamezoea.

Mdau wa Mbezi
Mimi nafanya biashara karibu na Stendi ya Magufuli, kila Desemba nawaona watu wanalizwa. Mtindo ni ule ule: kijana anakupokea nje, "kaka, Arusha imebaki siti moja, gari linatoka sasa hivi". Hakuombi hela kwanza. Anachukua begi lako na kuanza kutembea, na wewe ukishaona begi linakwenda, akili yote iko kwenye begi. Unalipa nauli mara mbili, unapewa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu, ukifika kwenye gari siti ina mwenyewe.
Begi lisiondoke mkononi kabla hujaona gari. Kata tiketi ya kielektroniki mapema, hakikisha ina jina lako na namba ya siti. Mzigo ukiingia kwenye buti, dai lebo yake, na kila gari linaposimama kwa muda shuka uangalie kinachoshushwa.

Mdau wa Mwanza
Baba yangu mdogo alileweshwa kwenye basi akija huku kwa sikukuu. Watu wanadhani wanaoleweshwa ni wale wanaopokea biskuti za watu. Yeye soda alinunua mwenyewe. Baada ya Manyoni gari likasimama, akashuka kuchimba dawa, chupa akaiacha kwenye siti. Alirudi akamalizia. Alizinduka hospitali Shinyanga, simu hana, pochi hana, na jirani yake wa siti alishashuka zamani. Kilichomsaidia ni karatasi yenye namba ya mke wake aliyokuwa ameikunja kwenye mfuko wa shati. Tangu hapo ukoo mzima tunasafiri na karatasi hiyo, na kinywaji kikiachwa bila mwenyewe kinamwagwa.

Mdau wa Same
Huku vijijini wazee ndio wanawindwa, kwa sababu Desemba wanajua watoto wako njiani. Mama alipigiwa simu: "Mwanao amepata ajali, tuma laki mbili apokelewe hospitali." Jina langu walilijua. Bahati nzuri nyumbani tuna swali letu: ng'ombe aliyeuzwa nikaenda sekondari aliitwa nani? Mama akauliza, simu ikakatwa. Namba za matapeli tunazituma 15040. Na piga *106# uone kama kuna laini usiyoijua imesajiliwa kwa kitambulisho chako.

Mdau wa Sinza
Wenye watoto: siku ya Krismasi ufukweni Coco hapatoshi. Mwandikie mtoto namba yako ya simu mkononi kwa kalamu ya wino. Wangu alipotea pale, mama muuza mihogo akaisoma na kunipigia. Disko toto nalo msiwaachie waende peke yao. Polisi hulipiga marufuku karibu kila sikukuu, lakini halikosi kuchipuka sehemu.

Mdau wa Arusha
Naomba niseme jambo moja. Kila nyumba ikiibiwa, wa kwanza kupelekwa kituoni ni binti wa kazi. Kwa jirani yangu alikaa ndani siku mbili, kumbe vitu vimechukuliwa na fundi aliyeweka dari mwezi wa 11. Mafundi wakimaliza kazi, badilisha vitasa. Na binti mpe nauli na posho yake mapema, naye ana kwao.

Mwanzisha uzi
Hilo la vitasa nalifanyia kazi wiki hii, asante sana. Namba ya polisi ya dharura ni 112, iwe kwenye simu ya huyo mnayemwachia nyumba pamoja na namba ya mjumbe. Sasa wale wa Goba na Madale: ulinzi shirikishi wenu usiku wa mkesha wa mwaka mpya mnaupangaje, na mnachanga shilingi ngapi kwa kaya? Sisi kikao ni Jumapili, nataka niende na mfano.