Faiba au koaksi kwa antena za ndani ya jengo? Kamati inakaa wiki ijayo

Meneja_Ntinda: Wakuu habari. Jengo letu liko Ntinda hapa Kampala, ukishuka parking simu inakata, kwenye lifti pia. Mkandarasi mmoja anataka kuweka antena za ndani kwa koaksi (waya mnene wa shaba), mwingine anasema ni faiba tu (uzi wa kioo unaopitisha mwanga), bei yake karibu mara mbili. Tuchukue ipi?

FundiMnara: Ssebo mbona hujasema ghorofa ngapi, waya ni mita ngapi mpaka mwisho, na ni mtandao mmoja au yote?

Meneja_Ntinda: Samahani. Ghorofa 9, parking 2 chini. MTN na Airtel. Waya kama mita 120.

Koaksi_Daima: Koaksi inatosha kabisa. Njiani hakuna mashine ya kuungua, ikifungwa vizuri unasahau kama ipo. Faiba waachie viwanja vya mpira.

FundiMnara: Itatosha kwa masafa ya megahezi 900 labda. Koaksi ya nusu inchi hapo inakula kama desibeli 7 (kipimo cha nguvu inayopotea) kwa mita 100, ukienda 2100 inapita 10, na kila spliti (kigawanyio) ya njia mbili inakata nguvu nusu, sasa mpaka parking ya chini kunafika nini? Faiba ya singo modi, ile aina ya safari ndefu, haipotezi hata nusu desibeli kwa kilomita nzima. Mawimbi yanapandishwa kwenye leza, yanasafiri kama mwanga, kile kifaa cha chini tunachoita rimoti kinayarudisha kuwa redio na kuyakuza.

Dada_Splaisi: Faiba ni nzuri lakini angalia nani anaifunga. Tuliitwa hoteli moja Mbarara, wageni wanalia simu zinakatakata, mkandarasi amebadilisha rimoti mbili na hali ni ileile. Nikafungua boksi nikakuta kichwa cha faiba cha bluu kimesukumwa kwenye kapla (kiungio) ya kijani! Kijani kimechongwa kwa pembe, cha bluu hapana, havikutani, katikati unabaki mwanya na mwanga unarudi kwenye leza, kelele tupu. Vichwa vingine vilikuwa ndani ya kavera (mfuko wa plastiki) bila vifuniko, vumbi limejaa. Na kumbuka desibeli 1 ya mwanga ikipotea, upande wa redio umepoteza 2. Tulikata tukasplaisi (tukaunganisha) upya faiba zote, siku tatu.

Koaksi_Daima: Si ndiyo nasema! Halafu stima ikienda rimoti zinazima.

FundiMnara: Unavuta kebo yenye faiba na shaba pamoja, unalisha rimoti volti 48 kutoka betri za chumba cha mitambo.

Boda2Data: Si anunue busta ya kukuza mtandao ya dukani tu?

Dada_Splaisi: Hapana kaka, usimpotoshe. Masafa ni ya kampuni za simu, lazima zikubali, na kifaa kiwe na idhini ya UCC, tume ya mawasiliano ya Uganda. Busta mbovu inajaza kelele mnarani, mtaa mzima unaumia.

Meneja_Ntinda: Hakuna mkandarasi aliyenitajia kampuni za simu wala betri. Jenereta yetu yenyewe inachelewa dakika nzima kuwaka.

FundiMnara: Dakika nzima? Ni ya ukubwa wa KVA ngapi hiyo? Na walipima mtandao wa parking kabla ya kukupa bei?

Meneja_Ntinda: Walipiga picha tu. Nani ana mashine ya kupimia hapa Kampala? Aje inbox kabla ya Jumatatu.