Migahawa ya ramen Japani, acheni kubandika "haina nguruwe" wakati sufuria zima ni mifupa ya nguruwe!

Kijiko Kirefu:

Wakuu, hii tabia imezidi sasa, tuisemeni wazi. Migahawa midogo ya ramen, yaani tambi za supu, kule Japani, hasa ya karibu na stesheni inayopata wageni wengi, inabandika picha ya nguruwe aliyepigwa mstari mwekundu, mlangoni au pembeni ya kitufe cha mashine ya tiketi za kuagizia chakula. Muislamu akiiona anaingia. Msabato anaingia. Anatoa yeni elfu moja na ushee, analetewa bakuli linafuka mvuke. Kilichoondolewa humo ni vile vipande viwili vya nyama vya juu, basi! Supu imechemshwa na mifupa ya nguruwe usiku kucha, na yale matone yanayong'aa juu yake ni mafuta ya nguruwe. Mnamlisha mtu asichokula kwa kumficha, na pesa yake mmechukua.

Na ninyi mnaotuma ushauri kwenye magrupu ya wanafunzi na ya wanaokwenda kununua magari, nanyi mna lawama yenu. "Kwepa tonkotsu tu, chukua shoyu au miso, hapo uko salama." Hayo ni majina ya aina za ramen. Salama kivipi? Anayeutuma ushauri huu hajui bakuli la ramen linavyopangwa.

Twende jikoni basi. Mpishi anaanza na bakuli lililopashwa moto. Anamimina chini mchuzi mzito wa chumvi uitwao tare, wengine huuita kaeshi, kama mililita 30. Juu yake kijiko cha mafuta ya kutia harufu. Kisha supu kwa upawa, mililita 300 hadi 350. Tambi zinakung'utwa maji kwenye kichujio cha mpini, zinalazwa ndani, na mwisho vinapangwa vya juu: nyama, yai, machipukizi ya mianzi, majani ya vitunguu, mwani. Sasa sikilizeni vizuri. Shoyu, shio na miso ni majina ya ile tare ya chini: ya sosi ya soya, ya chumvi, ya soya iliyochachushwa. Hayakwambii lolote kuhusu mifupa iliyomo sufuriani. Kati ya majina hayo makubwa, tonkotsu peke yake ndilo linalotaja supu yenyewe, ile ya mifupa ya nguruwe iliyoanzia Kurume, mkoa wa Fukuoka, mwaka 1937. Kwa hiyo shoyu juu ya supu ya nguruwe ipo, miso juu ya supu ya nguruwe ipo, na wala si jambo la nadra. Ile shoyu nyepesi ya Tokyo kwa kawaida inachanganya mifupa ya kuku na ya nguruwe.

Mtu atasema, "lakini supu ilikuwa safi, unaona mpaka chini." Rangi si ushahidi. Mifupa ya nguruwe ikichemshwa kwa moto mdogo, maji yasitokote, mafuta hayachanganyiki na maji na supu inabaki angavu. Ikitokoteshwa kwa moto mkali kwa muda wa saa 12 na zaidi, mafuta na ule ute wa mifupa vinavurugika pamoja, inakuwa nyeupe. Mifupa ni ileile. Na kinyume chake pia: tori paitan ni nyeupe vilevile, kumbe ni ya kuku. Halafu hata hiyo ya kuku, wapo wanaotia miguu ya nguruwe ili iwe nzito, na kwenye menyu wanaandika kuku tu.

Miso ya Sapporo, mji mkuu wa Hokkaido huko kaskazini, ndiyo inayonikera kuliko zote, maana ndiyo mnayoipendekeza sana. Ile ya asili inaanzia kwenye karai: mafuta ya nguruwe yanayeyushwa, nyama ya nguruwe ya kusaga na machipukizi ya maharage yanakaangwa humo kwa moto mkali, miso inaongezwa, ndipo supu inamiminwa karaini. Tabaka la mafuta linaloachwa juu lipo kwa makusudi, linazuia joto lisitoke kwenye baridi ya Hokkaido. Ukiiona supu haitoi mvuke lakini inakuunguza ulimi, hayo ndiyo mafuta yenyewe. Sasa hapo "toa nyama" itakusaidia nini?

Tukija kwenye hiyo nyama, chashu, ndipo uongo wa stika unapoonekana wazi. Chashu ni tumbo au bega la nguruwe, linafungwa kwa uzi na kupikwa taratibu kwenye sosi ya soya, sake na mirin (pombe za mchele), sukari, tangawizi. Ile sosi iliyobaki haimwagwi hata tone. Migahawa mingi inairudisha kwenye tare, ndiyo inayoipa utamu. Mayai yale ya kiini laini yanalowekwa humohumo usiku mzima. Machipukizi ya mianzi nayo yanakolezwa nayo. Ndiyo maana ukisema waondoe chashu umeondoa kitu kimoja tu, na majimaji yake yamebaki sehemu tatu za bakuli.

Halafu kuna jambo la lugha linalowaponza watu. Ukimwambia mhudumu wa Tokyo "niku nashi", yaani bila nyama, yeye anaelewa asiweke vile vipande. Supu kwake si nyama. Anakubali kwa moyo mweupe, anainama, anakuletea. Huyo simlaumu. Namlaumu mwenye mgahawa anayejua kabisa kilichomo sufuriani mwake na bado anachapisha stika.

Msitegemee sheria iwasaidie. Sheria ya Japani ya lebo za vyakula inalazimisha kutaja vitu vinavyoleta mzio, vikiwemo ngano, mayai, maziwa, soba (aina ya nafaka), karanga, kamba, kaa, na jozi iliyoongezwa mwaka 2023. Nyama ya nguruwe iko kwenye orodha ya vitu vinavyopendekezwa tu kutajwa. Tena hayo ni ya vyakula vilivyofungashwa. Mgahawa unaopika na kukupakulia haulazimiki. Cheti cha halali nacho hakitolewi na serikali, kinatolewa na taasisi binafsi, na picha ya nguruwe aliyekatwa mstari mtu yeyote anaweza kuichapisha dukani kwake.

Tunachodai ni kidogo mno: pembeni ya kila kitufe, mstari mmoja unaosema supu ni ya mifupa gani, mafuta ni ya nini, tare ina nini. Mwenye mgahawa anavijua vyote vitatu. Kama hataki kuandika, abandue stika leo.

Mtoto wa Same:

Mkuu umesema kweli tupu, ila umetusahau Wasabato nusu. Sisi kamba, kaa, chaza na ngisi pia hatuli. Ndugu zetu wanaambiwa "chukua ya vyakula vya bahari", wanaingia kwenye mtego mara mbili. Mara ya kwanza, shio nyingi zinapata ladha kutoka kwa chaza na kamba wakavu waliolowekwa kwenye tare, wala huwaoni bakulini. Mara ya pili ni gyokai, yaani hiyo ya vyakula vya bahari, hasa kwenye tsukemen, tambi za kuchovya. Menyu inasema samaki, na samaki kweli wamo, dagaa wakavu na unga wa samaki. Lakini mchuzi wenyewe ni gyokai tonkotsu: mifupa ya nguruwe ndiyo msingi, samaki ni nyongeza. Harufu ya dagaa ni kali kiasi kwamba pua haiwezi kuipata ile ya nguruwe chini yake. Mtu anamaliza bakuli anashukuru amekula samaki. Inauma sana hii.

Sharubu:

Wakuu punguzeni munkari. Mgahawa una kaunta ya viti kumi, jikoni wako wawili, sufuria moja ya lita 60 imekaa motoni tangu jana. Mnataka aweke sufuria ya pili kwa ajili ya wateja watatu kwa wiki? Bakuli lenyewe analiuza kwa shida, Wajapani wenyewe wakiona limevuka yeni 1,000 wanaguna. Kama una masharti ya dini, si uende kwenye mgahawa wa halali.

Kijiko Kirefu:

Sharubu, soma tena. Hakuna aliyedai sufuria ya pili. Apike nguruwe wake mchana na usiku, ni haki yake na ni chakula cha kwao. Ninachokataa ni kuandika hakuna wakati yupo. Kubandua stika kunagharimu yeni ngapi? Migahawa inayosema ukweli ipo mingi: ukiuliza, mpishi anavuka mikono kifuani alama ya X na kusema "dekimasen", haiwezekani. Unashukuru, unatoka. Huyo ndiye mtu wa heshima, hata kama nimebaki na njaa.

Bandarini:

Kwa wanaosafiri karibuni, ulizeni KABLA ya kutumbukiza pesa kwenye mashine. Tiketi ikishatoka kuna foleni nyuma yako, mhudumu ana haraka, na utaona aibu kudai pesa irudi. Hapo ndipo watu wengi wanapokula tu ili yaishe. Msiulize nyama, ulizeni supu na mafuta: "Supu ya abura ni buta wa haitte imasu ka?" Bora zaidi onyesheni maandishi haya kwenye simu:

豚骨・ラード・チャーシューのタレは入っていますか?

Yanauliza mambo matatu kwa mpigo: mifupa ya nguruwe, mafuta ya nguruwe, na ile sosi ya chashu aliyoieleza mtoa mada. Jibu likiwa "sukoshi" ina maana kidogo kipo. Likiwa "dashi dake" ina maana kipo kwenye supu tu, na supu ndiyo bakuli zima! Ondokeni. Jifunzeni pia herufi moja, 豚. Mkiiona popote kwenye kitufe, hata katikati ya maneno kumi, ni nguruwe. Tatizo ni kwamba kutoiona hakuthibitishi kitu. Kwenye pakiti za dukani tafuteni pia ポークエキス, dondoo ya nguruwe, imejaa kwenye tambi za vikombe zenye picha ya kuku au kamba.

Wenye msimamo mkali kuhusu pombe wajue mirin halisi ina kilevi karibu asilimia 14 na inatiwa kwenye tare nyingi, na miso na tambi za viwandani zinaongezwa 酒精, yaani alkoholi ya kuhifadhia. Migahawa inayoondoa nguruwe peke yake mara nyingi haigusi hayo.

Kuhusu pesa: noti mpya zilitoka tarehe 3 Julai 2024 na mashine nyingi za zamani zilikuwa zinazitema. Nyingine hazipokei noti ya 5,000 wala 10,000. Tembeeni na noti za elfu moja, hasa mikoani.

Mtoto wa Same:

Bandarini ahsante, nimenakili hayo maandishi. Kwa Tokyo, niongeze mbili: Naritaya ya Asakusa ni ya halali, supu ya kuku. Na ndani ya stesheni ya Tokyo, baada ya kupita geti la tiketi, kuna T's TanTan, haitumii nyama, samaki, mayai wala maziwa, kwa hiyo Msabato anapona pande zote mbili. Pale hamhitaji kuuliza supu.

Sharubu:

Sawa, la stika nimekubali, mwenye nguruwe asiandike hana. Ila na nyie mkikataliwa mtoke haraka, msisimame mlangoni kubishana wakati tambi za mteja mwingine zinalainika bakulini.

Kijiko Kirefu:

Hilo nakubali. Wenye majina ya migahawa inayotaja mifupa, mafuta na tare waziwazi, Osaka, Nagoya, Fukuoka, wekeni hapa chini. Andikeni na mwezi mliouliza, maana mapishi yanabadilika na picha ya mlangoni inabaki ileile.