Mliohama Windows kwenda Linux, yaliwakuta yapi? Tupeane uzoefu

Kishada
Wakuu salaam. Laptopu yangu ya zamani imekataliwa na Windows 11, na Windows 10 masasisho ya kawaida yalikoma Oktoba 14, 2025. Nikaweka Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows. Jana nilikuwa nabadili neno la siri kwenye terminali, lile dirisha la kuandika amri, ikadai la zamani. Naandika, hakitokei hata kinyota. Nikajua kibodi imekufa, nikaibeba hadi kwa fundi. Fundi akaniambia andika hivyohivyo, bonyeza Enter. Ikapita. Elfu tano imekwenda. Nyie je?

Pwaguzi
Afadhali wewe. Mimi nilinunua kibodi nyingine.

Mama Stesheneri
Mimi waifai. Dereva yake, yaani programu ya kuiendesha, inapakuliwa mtandaoni, na mtandaoni siingii bila hiyo dereva! Wiki nzima. Kumbe ningechomeka simu kwa waya nikatumia bando lake. Halafu CV za wateja: zimeandikwa kwa Calibri, nikifungua kwenye LibreOffice, ile mbadala wa Word, mistari inahama. Nikaweka fonti ya Carlito, zikatulia kiasi.

Mzee wa Sidii
Watoto mnadeka. Mwaka 2006 Ubuntu, Linux nyingine hiyo, ilikuwa inatuma sidii bure kwa posta, nikaisubiri wiki kadhaa. Modemu ya USB nikiichomeka, kompyuta inaiona kama sidii. Na OpenOffice ya Kiswahili ilishatoka 2004, kazi ya vijana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nani aliitumia hapa?

Gogo la Shamba
Uzi huu umenitonesha kidonda. Laptopu ilikuwa ya shemeji, aliyemuoa dada yangu. Kaniambia, "Nzito hii, iangalie." Nami ndio kwanza nimechoma DVD ya Ubuntu, najiona injinia. Saa tano usiku programu ikauliza kama ifute diski yote. Nikasema moyoni, diski si hii DVD? Futa tu, nitachoma nyingine. Ilipomaliza nikashangilia jinsi ilivyokuwa nyepesi! Asubuhi dada anapiga: "Usisahau kuninakilia picha za send-off." Wakuu, miguu ilikufa ganzi. Picha za send-off, za harusi, za marehemu mama akicheza na bibi harusi, zote zilikuwa humo tu. Nilizima simu siku mbili.

Pwaguzi
DVD!!! Nimecheka mpaka nimeulizwa kazini.

Mama Stesheneri
Usimcheke mwenzio, mama yake huyo. Kaka, zilipatikana?

Jino Moja
Ndiyo maana nasema Linux si ya kila mtu. Rudini Windows.

Mzee wa Sidii
Wewe Windows yako umeilipia, au ni ile ya kukraki ya shilingi elfu kumi kwa fundi?

Jino Moja
Mzee, tusivunjiane heshima.

Kishada
Jamani, uzi wangu. Nisaidieni: niweke mbili pamoja, Windows na Mint?

Pwaguzi
Weka pamoja.

Mzee wa Sidii
Usithubutu. Nunua diski ya pili, SSD, ile ya Windows ichomoe kabisa kabla hujagusa kitu. Na uanze na Debian, Linux ya wakongwe.

Mama Stesheneri
Debian kwa mgeni? Mzee unamtakia mabaya. Mkuu, Mint hiyohiyo. Kabla ya kuweka chochote washa kwa flashi yenye Mint kwanza, ujaribu sauti, waifai na printa.

Gogo la Shamba
Mama Stesheneri, kuna fundi alinionya nisiiwashe tena, kila ninachoandika kinazika picha. Tukatoa diski, tukaendesha PhotoRec, programu ya kufufua picha zilizofutwa, kwenye mashine nyingine, usiku tatu. Zikarudi maelfu, zote zinaitwa f na tarakimu, zimechanganyika na vijipicha vya tovuti alizotembelea shemeji. Tunamtafuta bibi harusi katikati ya matangazo ya magari. Ya mama akicheza imepatikana moja, nusu ya chini ni kijivu. Dada kaichapisha hivyohivyo, iko sebuleni.

Jino Moja
Pole sana ndugu.

Kishada
Pole kaka. Nimetoka kununua diski ya nje, eksternali.