Nyumba ya kupangisha: Dodoma au Morogoro, na mimi naishi Dar

Mkazi wa Mbagala
Wakuu habari za jioni. Nina hela kidogo nataka niiweke kwenye nyumba ya kupangisha. Dar bei zimenishinda, nikatafuta mikoani nikapata mbili. Moja ipo Dodoma, Nzuguni. Nyingine Morogoro, Kihonda. Mimi na mke wangu ni waajiriwa huku, hatuhami leo wala kesho. Wenye uzoefu naombeni ushauri, nichukue ipi? Dalali wa Dodoma anataka jibu kabla ya Jumatatu.

Ngedere
Mkuu, tutakushauri kwa lipi? Bei gani? Zina hati au karatasi za serikali ya mtaa? Zina wapangaji au zipo tupu? Hela ni yako au ya mkopo? Na la kwanza kabisa, nani atakuangalizia?

Kijana wa Bahi
Dodoma bila kufikiri mara mbili. Wizara zote zipo Mtumba na watumishi wanahamia kila siku. Tangu treni ya SGR ianze safari 2024, unatoka Dar asubuhi, mchana upo kwenye nyumba yako, jioni unarudi kulala kwa mkeo.

Mwalimu Kihonda
Treni hiyohiyo inasimama Morogoro, Kijana wa Bahi. Nauli ya daraja la kawaida Dar hadi Dodoma ilipangwa 31,000, hadi Moro 13,000. Mtu anayefuatilia nyumba yake mara sita kwa mwaka, tofauti hiyo ataiona. Na Kihonda vyumba havikai tupu. Kuna viwanda, kuna wanafunzi, kuna wafanyabiashara wadogo. Mpangaji wa chumba akihama leo, wiki ijayo mwingine anaingiza godoro. Mtumishi wa Dodoma akihamishwa kituo, nyumba nzima inakulalia.

Mkazi wa Mbagala
Samahani wakuu, nilikuwa kazini. Ya Dodoma ni milioni 68. Ni nyumba mbili ndani ya uzio mmoja, kila moja vyumba viwili, sebule na jiko. Dalali anasema kila moja inakwenda 220,000 kwa mwezi. Ina hati. Ya Moro ni milioni 45, vyumba sita vya kupangisha, kila kimoja 50,000, choo cha nje. Karatasi ni za serikali ya mtaa. Muuzaji alirithi kwa baba yake. Mimi ninazo milioni 40, zinazobaki nitakopa SACCOS ya kazini, riba asilimia 12 kwa mwaka.

Ngedere
Sasa tunaongea. Dodoma, wapangaji wakikaa miezi yote 12, unapata 5,280,000 kwa mwaka. Utakopa milioni 28, kwa hiyo riba ya mwaka wa kwanza inakaribia 3,360,000. Inabaki chini ya milioni mbili, hapo hujarudisha deni lenyewe, hujapaka rangi, hujalipa msimamizi. Moro unapata 3,600,000 na unakopa milioni tano tu. Usiangalie kodi inayoingia, angalia inayobaki mkononi.

Lakini hilo la urithi limenishtua. Huyo muuzaji ameteuliwa na mahakama kuwa msimamizi wa mirathi? Ndugu zake wamekubali kuuza? Usitoe hata shilingi ya kishika uchumba kabla hujaona hizo karatasi na kukaa na hao ndugu. Na huyo wa Dodoma kama ana mke, ridhaa ya mke iwe kwa maandishi.

Hatifungani Tu
Ndugu yangu, weka hiyo milioni 40 kwenye hatifungani za serikali za muda mrefu, yaani unaikopesha serikali, riba inaingia mara mbili kwa mwaka. Haina choo kinachoziba wala mpangaji anayezima simu.

Kijana wa Bahi
Mtu kauliza nyumba, unampa hatifungani. Kila uzi wewe ni hivyohivyo.

Mama wa Tabata
Mwanangu Mkazi wa Mbagala, nisome taratibu. Swali la Ngedere la nani atakuangalizia ndilo lililonigharimu mimi.

Nina nyumba Dodoma, Miyuji. Nilimkabidhi mtoto wa wifi yangu, kijana mpole, anaita mama kila sentensi. Mpangaji wa kwanza alipohama, kijana akaniambia nyumba ipo tupu. Mwezi wa kwanza bado, wa pili bado, wa tatu akasema wateja wanalalamikia rangi. Nikatuma 350,000 ya rangi. Mwezi wa sita nikapata fundi wa kuchomea geti, nikaona nimnunulie umeme kwa simu, nikalipia LUKU ya 10,000.

Mnajua kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, 1,500 kwa mwezi, na usiponunua umeme deni linajikusanya. Nyumba iliyokaa tupu miezi sita ilitakiwa inikate 9,000, nibaki na uniti za shilingi elfu moja. Meseji ikaja na uniti zote, kodi ya jengo haikukatwa hata senti. Nikakaa na simu mkononi. Maana yake kuna mtu alikuwa ananunua umeme pale kila mwezi, na wa mwezi ule alikuwa ameshanunua.

Sikumpigia mtu. Nikapanda basi. Nafika nakuta kamba imejaa nguo, baiskeli ya mtoto imeegemezwa ukutani, na dada mmoja amekaa kizingitini anachambua mlenda. Akanikaribisha kiti. Nyumbani kwangu, nakaribishwa kiti! Nilipojitambulisha akaingia ndani akatoa risiti, 1,200,000 ya miezi sita, sahihi ya kijana wetu. Rangi ukutani ilikuwa ileile ya zamani.

Yule dada sikumgusa, amemaliza muda wake na mkataba mpya akaandikiana na mimi. Kesi ya kijana ikaletwa kwenye kikao cha ukoo, nikaambiwa nisamehe kwa sababu ni damu. Hela haijarudi. Wifi yangu hatujasalimiana vizuri mpaka leo.

Ngedere
Pole sana mama. Hiyo ya LUKU sikuwahi kuifikiria. Leo hii naangalia meseji zangu zote.

Zahoro
Pole mama. Ila tukumbushane, hiyo 1,500 ni ya mwenye nyumba. Mpangaji anailipa kwa sababu yeye ndiye anayenunua umeme, lakini mwisho wa mwaka 18,000 yake apunguziwe kwenye kodi ya pango. Mimi mwenye nyumba wangu amekataa.

Mwalimu Kihonda
Wapangaji wangu sita wanatumia mita moja. Nikianza kumrudishia kila mmoja 250 ya mwezi tutagombana kuliko faida yake. Nimeiingiza kwenye bei ya chumba na kila mtu anajua.

Zahoro
Anajua au hana pa kwenda? Wengine tunapanga kwa sababu hatuna hiyo milioni 40.

Columbus Ohio
Nawasalimu kutoka Marekani. Huku watu wengi wananunua nyumba jimbo lingine kwa sababu wanapoishi ni ghali, kama mwenye uzi. Wanakabidhi kampuni ya usimamizi, kwa kawaida inakata asilimia 8 hadi 10 ya kodi ya kila mwezi, na kutafuta mpangaji mpya inalipwa kando. Unapata taarifa na picha kila mwezi. Lakini hata huku jicho halikai mbali. Nyumba yangu ilibaki tupu wakati wa baridi, mtu akazima joto kubana matumizi, bomba likaganda likapasuka, sakafu ya jikoni yote ikainuka. Mkazi wa Mbagala, asilimia 10 ya 440,000 ni 44,000. Mpe mtu asiye ndugu, kwa mkataba, na kodi iingie moja kwa moja kwenye akaunti yako.

Mama wa Tabata
Ndivyo ninavyofanya sasa. Mpangaji ananilipa mimi, msimamizi namlipa mimi.

Fundi Paa
Mimi ni fundi, nimefanya kazi Dodoma miaka mingi. Kabla ya kulipa, panda darini na bisibisi. Ichome kwenye mbao kila baada ya hatua mbili. Ikizama kama kwenye mkate, mchwa wameshamaliza na utaezua paa zima. Dalali hawezi kukuonesha dari. Na uliza maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, na kama kuna simtanki.

Kijana wa Bahi
Fundi, dawa ya mchwa siku hizi unapiga kwa bei gani? Nina banda Ihumwa, nguzo mbili zimeanza kutoa vumbi.

Fundi Paa
Mpaka nione. Nguzo ni za mti gani?

Mkazi wa Mbagala
Asanteni wote, Mama wa Tabata pole sana. Jumamosi napanda treni. Nitashuka Moro nionane na hao ndugu wa muuzaji, Jumapili niende Dodoma na bisibisi. Dalali nimemwambia Jumatatu haiwezekani, amekata simu.

Ngedere
Atapiga. Hizo nyumba mbili za Nzuguni, kila moja ina mita yake?

Mkazi wa Mbagala
Sikuuliza.